Sanduku Yenye R

Likasi, tarehe 3 mwezi wa tisa 2024

Mudogo wangu Séraphin,

Hapa kwetu uzima iko, ile ya kiasi chenye Mungu anatupimiaka kila asubui. Shemeki yako Constantin anakohoa vumbi ya mugodi wa Kamatanda, lakini anakula muzuri. Na weye? Mugongo ya muke wako ilipona? Tulimutaja kwa maombi ya siku ya tano. Kama ilipona, sema, tushukuru. Kama haijapona, sema pia, tusimudanganye Mungu.

Nakuandikia barua juu ya vile kwa simu tunagombanaka. Sauti ikitoka hairudi, lakini barua muntu anaweza kupasua mbele ya kutuma. Hii ni ya tatu. Mbili nilishapasua.

Neno ni hili. Joëlle, mutoto wetu mwenye anafundisha masomo kule Kapolowe, mimba yake imeingia mwezi wa nane. Ba masœur, watawa wenye wanazalisha kule kwa maternité, waliona kondo ya mutoto imekaa chini. Wanasema asizalie kule, aje kwa hospitali kubwa ya Likasi mbele ya tarehe kumi ya mwezi wenye unakuja, na kwa njia asitikiswe. "Asitikiswe", waliandika kwa karatasi na kupiga mustari chini. Lakini gari tuko nayo ni ile mutuka ya Constantin, na ma-amortiseri yake ya mbele, vile vyuma vya kuzuia mutikiso, yalikufa. Ukipita shimo moja, inaruka mara ine kama mbuzi yenye iliona kisu. Mafuta inatiririka karibu na pineu ya gurudumu. Nimulaze Joëlle ndani ya kitu kama kile?

Weye uko siku yote katikati ya ba mapièces ya mituka kule Lubumbashi. Tuchagulie amortiseri mbili, za mbele. Gaston, mekanisien wetu, anasema iko na zake, okasio zenye zilishatumika Ulaya, "karibu mupya". Minye sina imani na ile "karibu".

Lakini nikuambie ukweli kama mukristo na kama yaya, dada yako mukubwa: na weye pia nakuogopa kidogo. Unajua juu ya nini, sitaandika. Unieleze paka tu, kwa mukono wako, unachagua namna gani.

Yaya yako,
Philomène


Lubumbashi, tarehe 8 mwezi wa tisa 2024

Yaya,

Aksanti kwa kutuuliza. Mugongo ya bibi ilipona nusu: anaweza kuinama, kuinuka njo shida. Kwa hiyo kila kitu chenye kinaanguka humu nyumbani ni changu. Mutuombee wote wawili.

Barua mbili ulipasua! Kama ya tatu iko namna hii, ya kwanza ilikuwa namna gani?

Ulisema nieleze. Amortiseri zenye kutoka kwa kiwanda kilichotengeneza mutuka yenyewe, huku tunazionaka paka kwa picha. Okasio zilishatembea dunia, na hakuna mwenye anajua zilikutana na mashimo gani. Yenye mubaya kupita zote ni okasio yenye ilioshwa na petroli na kupakwa rangi nyeusi. Inangaa kama kiatu ya bwana harusi. Ukikwaruza na kucha, rangi inatoka pamoja na kutu. Minye nilichagua mupya za kiwanda ingine, zenye kutengenezwa kwa namna ya mutuka yenu. Hata zile nilikataa mbili za kwanza, juu ya vile nati ya moja ilikuwa na alama ya ufunguo wa mekanisien. Kitu mupya itapata wapi alama ya ufunguo? Muuzaji aliniuliza: "Papa, weye ni polisi?" Nikamujibu: "Hapana, ni ndugu ya Philomène. Yeye njo mubaya kupita polisi."

Kila moja imefungwa na kamba ya plastiki. Kata kamba, uache, muntu asiguse. Fimbo ya chuma itapanda polepole yenyewe, sababu ndani muko gazi. Yenye ilikufa ukiisukuma chini inabaki chini. Ufanye vile Gaston akiwa anaona.

Na mufunge zote mbili siku moja, musiziachanishe. Mupya upande moja na ya zamani upande ingine, mutuka inavutwa upande moja.

Zinakuja na bisi ya kesho, sanduku mbili za karton.

Mudogo yako,
Séraphin


Likasi, tarehe 14 mwezi wa tisa 2024

Mudogo,

Nakusalimia. Uzima iko, amani njo haiko.

Sanduku zako zilifika, hazikufunguliwa kwa njia. Gaston aliziangalia mbele ya kuzigusa. Kwa moja wameandika R kubwa. Kwa ingine, L.

"Mama Philo, unaona? R."

"Ni nini, R?"

"Réparé, mama! Yenye iliharibika, ikarudishwa kwa atelier kutengenezwa. Hata mutoto wa primaire anajua."

"Na L?"

Akakuna kichwa. "L... Likasi. Ile njo yako ya kweli. Ingine walikuwekea paka juu ya kufikisha mbili."

Constantin alicheka, akasema pengine R ni rechange, kitu ya kubadilishia. Gaston akamujibu: "Papa, zote mbili si ni rechange? Juu ya nini waandike paka moja?" Naona iko na akili.

Sasa nitaandika yenye sikuandika. Ni miaka tisa. Siku ya kumuzika baba, weye njo ulileta sanduku ya maiti toka Lubumbashi. Ulisema mikono ya kuibebea ni shaba. Shaba, kwetu sisi watoto wa Likasi, muji ya shaba! Pale kwa kaburi mukono moja wa upande wa kuume ulitoka, sanduku ikainama, bantu wote wakasema "eh!", na baba yetu akaingia kwa udongo bega mbele. Ilikuwa plastiki ya kupakwa rangi. Nilikunyamazia juu ya kilio. Lakini kila mara nikisikia muntu anasema "ni mupya kabisa", nasikia ile "eh!" ya bantu.

Kwa hiyo nakurudishia sanduku yenye R. Constantin alitaka tukate kamba tuone kama itapanda. Nilimukataza: kitu ya kurudisha inarudi vile ilikuja. Gaston ataweka L yako upande moja, na moja yake upande ingine. Uliandika tusiziachanishe. Nimefikiri sana juu ya lile neno, naona ni la muntu mwenye anataka ya uongo iingie pamoja na ya kweli.

Sikukuchukia. Nakuombea.

Yaya yako,
Philomène


Likasi, tarehe 23 mwezi wa tisa 2024

Séraphin,

Habari ya nyumba? Dereva wa bisi anasema alikupa sanduku kwa mukono, ukaisoma kwa juu, ukaiweka chini ya kwapa, ukaenda bila neno.

Siku tisa. Hata Adamu, Mungu alipomuita, alijibu, na yeye alikuwa na kosa. Weye unanyamaza tu. Nifikiri nini?

Mawingu imeanza kujikusanya upande wa Mwadingusha, na mvua ikianguka njia ya Kapolowe itakuwa matope.

Yaya,
Philomène


Likasi, tarehe 29 mwezi wa tisa 2024

Mudogo wangu, kama barua hii utaifungua,

Leo naogopa kukuuliza uzima yako, juu naona minye njo niliiharibu.

Juzi tulienda Kapolowe kumupelekea Joëlle unga, na kujaribu njia. Amortiseri ya Gaston iliwekwa upande wa kuume. Mutuka ilikuwa inavuta kule, Constantin ameshika usukani kama muntu anayeshika pembe za ngombe. Na toka barabara ya lami mpaka misioni kwenye Joëlle anafundisha ilikuwa ko-ko-ko, ko-ko-ko. Tulipofika nilipiga magoti kwa vumbi. Joëlle, kwa dirisha ya kitanda chake, alifikiri naomba. Nilikuwa nakwaruza ile ya Gaston na kucha, vile ulinifundisha. Rangi ilitoka, na kutu ikaingia chini ya kucha yangu. Upande wa kushoto, ile yako ilikuwa kavu, imenyamaza.

Tukaingia nyumbani. Joëlle alikuwa analala, anasikiliza nyimbo za kanisa na vile vitu vya kutia kwa masikio. Alivitoa kunisalimia, akaviweka kwa meza. Séraphin, kwa moja kuliandikwa R. Kwa ingine, L.

Nilisema: "Hata hizi walizi-réparé?"

"Mama, R ni sikio ya kuume. Ni Kingereza. Vitu vyenye kutengenezwa mbali vinaandikwaka vile."

"Na L?"

"Ya kushoto. Weye ulifikiri nini?"

Nilimuambia: Likasi. Alicheka mpaka akashika tumbo, na minye napiga kelele, "Acha kucheka, asitikiswe! Asitikiswe!", na machozi inanitoka.

Nilirudi nyumbani nikafungua Matayo. Kondoo kuume, mbuzi kushoto. Minye niliona kondoo, nikamurudisha kwa bisi, kwa nafasi yake nikaweka mbuzi ya Gaston. Gaston nimemuuliza. Juu ya R hakunidanganya, hakujua. Juu ya rangi alijua.

Uliniambia tusiziachanishe. Ulikuwa unasema paka amortiseri, na minye nilisikia mambo mengine.

Nisamehe. Kama ile sanduku bado iko, itume. Kama uliiuza, niambie tu, tutatafuta namna ingine. Joëlle hataingia kwa mutuka ikiwa vile, na tarehe kumi haitungoji.

Yaya yako mwenye haya,
Philomène


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa kumi 2024

Yaya,

Niko muzima, na bibi sasa anainuka bila kunishika.

Barua yako ya tarehe kumi na ine nilisoma mara moja, nikashindwa mara ya pili. Jibu lilikuwa mustari moja: R ni kuume. Kila siku nilichukua kalamu. Lakini nilijiuliza, nikimuambia vile ataamini herufi, na minye ataniamini lini? Njo nikanyamaza. Nilikosa. Na mimba ya Joëlle pale katikati, haikuwa wakati wa kuweka kisirani. Nisamehe na weye.

Juu ya sanduku ya baba: weye ulisikia "eh!" ya bantu. Ule mukono wa sanduku ulibakia kwa mukono wangu. Minye njo nilibeba upande wa kuume, ulisahau? Niliutia kwa mufuko ya koti. Kesho yake nilirudi kwa muuzaji, nikakuta alishafunga, amehama. Aliniambia ni shaba, na minye siku ile nilikuwa nalia, sikukwaruza. Tangu pale nakwaruza kila kitu. Bibi anasema nitakwaruza hata mukate.

Sanduku yenye R sikuuza. Inakuja na barua hii. Chini ya amortiseri utakuta kitu kimefungwa kwa kitambaa. Usishituke. Miaka tisa kiko kwa kabati yangu, sikujua pa kukitupa.

Kamba ukate weye mwenyewe.

Mudogo yako,
Séraphin


Likasi, tarehe 15 mwezi wa kumi 2024

Mudogo wangu,

Kwa nyumba hii uzima imeongezeka. Tuko na mwanamuke mupya, kilo mbili na nusu na kidogo juu. Walimutoa kwa kumupasua mama yake, lakini wote wawili wanakunywa, wanalala, wanalia kwa saa yao.

Kamba nilikata minye, Gaston anaangalia. Fimbo ilipanda polepole, kama muntu mwenye anainuka toka magoti kisha maombi. Gaston alivua kofia. Akafunga R kuume, akabeba ya kwake akaenda nayo.

Tarehe sita tulimuchukua Joëlle. Toka misioni mpaka lami Constantin alihesabu mashimo kwa sauti, alipofika makumi ine akachoka. Niligeuka kumuangalia Joëlle nyuma. Alikuwa analala. Alilala mpaka Likasi, Séraphin, kinywa wazi.

Kile cha kitambaa, ule mukono wa sanduku, tulipeleka kwa kaburi ya baba, siku ya Mungu kisha misa. Constantin alichimba upande wa kuume, minye nikakiweka. Nilimuambia baba kwamba ulikishika mpaka mwisho.

Piga simu ukitaka. Sauti yangu nimeishusha.

Constantin anasema sasa amortiseri za nyuma pia zimeanza kulia. Gaston alikuja kuuliza kama atafute. Nilimujibu Séraphin njo atachagua, na zikifika atafunga bila kusoma sanduku.

Yaya yako, na tangu juzi nkambo mwenye mujukuu,
Philomène