Mwaka wa Jezi Nyekundu

Mtamboni, Ghuba ya Meksiko
9 Septemba

Kwa mdogo wangu Ovide,

Salamu zikufikie wewe, shemeji Célestine na hata huyo mbwa wenu mvivu. Huku baharini tu wazima. Jiko linawaka, wachimba mafuta wanakula kama walioambiwa kesho dunia inafungwa, na mimi nazidi kunenepa kwa uzuri. Wasiwasi ni juu yenu, maana Jumamosi nimeitazama timu unayoifundisha, ya mpira wa Kimarekani, kwenye televisheni na sikuona dalili ya uhai.

Arobaini na nane kwa tatu! Ovide, mimi nimepika Aberdeen, nimepika Luanda, nimepika kwenye meli ya Wakorea ambayo nahodha wake alikuwa akiongea na kuku, lakini kioja kama ukuta wako sijapata kukiona. Watu watano, kazi yao moja tu: mrushaji wenu wa mpira asiguswe. Na walivyosimama sasa! Kama watu wanaongoja basi, kila mmoja na basi lake. Mrushaji kaangushwa mpaka nyasi zikamzoea. Wachimbaji wananiuliza, "Mpishi, hicho ndicho chuo ulichotuchosha nacho masikio?" Nikawaambia hapana, hicho ni chuo cha ufumaji, cha kwetu kinacheza kesho.

Mimi nilipokuwa mtu wa katikati wa ukuta huohuo, yule anayeinama na kuupitisha mpira kati ya miguu yake kisha kulivaa jitu lililo mbele, mtu wa kunipita alikuwa bado hajazaliwa. Na damu hiyohiyo unayo hapo, umeikalisha benchi! Mwanangu Anselme. Eti "mwaka wa jezi nyekundu": kijana afanye mazoezi, ale, anyanyue vyuma, asicheze, ili mwaka wake wa kwanza usihesabiwe na abakiwe na miaka minne kamili ya kucheza. Mnatia watu kwenye chupa kama matango ya siki! Enzi zetu ukifika, unacheza. Ukivunjika, unafungwa bendeji, unacheza.

Ndiyo maana nilikupigia simu wakati wa mapumziko. Na ulipomwingiza kwa ule mkupuo mmoja wa mwisho, mpira kuanzishwa mara moja tu, uliona alivyomlaza yule mtu chali? Sasa mwachie. Halafu nasikia namba yangu umeizuia. Haya, zuia na karatasi.

Ni mimi kaka yako,
Alcide


Bayou Carmel, Louisiana
18 Septemba

Kaka Alcide, shikamoo.

Nyumbani hatujambo. Célestine anakusalimu, anasema mbwa ndiye pekee humu ndani asiyetoa ushauri wa mpira, kwa hiyo umheshimu.

Kaka, hukunipigia simu. Ulinipigia simu mara tisa, na ya mwisho uliipitishia kwa daktari wa timu. Nilimwingiza Anselme ili ninyamaziwe. Sasa nikueleze ulichofanya. Sheria inamruhusu kijana aonekane katika mechi nne na mwaka wake usihesabiwe. Ya tano, mwaka umeungua. Na mkupuo mmoja, hata wa sekunde sita, ni mechi nzima. Moja umeshaila, katika mechi ambayo tulikuwa tumeshafungwa hata na wauza karanga. Zimebaki tatu. Nilitaka zote nne nizitunze hadi Novemba, wakati miili inapoanza kuvunjika.

Wa kumkabili ni wanaume wa miaka ishirini na mitatu, wengine wana ndevu na wake. Anselme ana moyo, lakini mgongo bado wa mtoto. Acha ale.

Ukuta unafundishwa jambo moja mwezi huu: hatua ya kwanza ya mguu, wote watano pamoja. Saa nzima, bila mpira. Wananichukia. Ni sawa, wakinichukia kwa pamoja ni mwanzo.

Mkuu wa chuo ameniita. Hataki hadithi za kukua. Mechi ya mwisho tuwafunge Grand Chenal, jirani zetu, la sivyo atatafuta kocha mwingine. Nakuambia wewe tu. Célestine hajui.

Mdogo wako,
Ovide


Mtamboni
8 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri, na shemeji goti lake limepoa. Mimi nina afya ya kuuza.

Barua yako nimeisoma nikacheka hadi nikaunguza vitunguu. Saa nzima kukanyaga chini bila mpira! Hiyo si timu, ni kikundi cha ngoma. Wanunulie na njuga. Na huyo mkuu wako wa chuo namkumbuka vizuri, ndiye aliyekuja kwenye karamu ya wachezaji wa zamani akala gumbo yangu kwa uma. Mchuzi, Ovide! Kwa uma! Mtu wa namna hiyo ndiye apime nani anajua kazi?

Hao Grand Chenal nao, usiniambie. Mji wenye taa moja ya barabarani, nayo wanapanga foleni kwenda kuitazama. Wanavaa jezi za rangi ya homa ya manjano na wanajiona simba.

Basi mmefungwa tena mara mbili, nilikuwa nimeshaandaa matusi mapya. Halafu Jumamosi mkashinda. Kwa pointi tatu, dhidi ya timu ambayo nadhani iliokotwa stendi, lakini mmeshinda. Na robo ya nne niliona kitu ambacho sikutaka kukiona. Yule kijana mkubwa, Hollis, anayecheza kando ya mtu wa katikati: zamani alikuwa akikimbilia mtu wake peke yake kama anadai urithi. Safari hii alimgusa adui bega, akamwachia mwenzake Garnett, akaenda kumsubiri wa pili. Hakutazama nyuma. Alijua Garnett yupo.

Sisemi kwamba njuga zinafanya kazi. Nasema nimeona.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo ninalojua kuliko wewe na makocha wako wote wenye filimbi. Ukuta haulishwi kwenye bwalo la chuo, kile chakula ni cha wagonjwa. Kila Jumapili walete nyumbani kwako. Shemeji apike gumbo kwa maelekezo yangu yaliyo nyuma ya karatasi hii: unga ukaangwe mpaka uwe rangi ya sarafu kuukuu, bamia mwisho, soseji bila aibu. Asipunguze chochote. Akipunguza nitajua kutoka huku.

Kaka yako asiye na mfano,
Alcide


Bayou Carmel
28 Oktoba

Shikamoo kaka.

Sote wazima isipokuwa sufuria yetu, ambayo Hollis ameikwangua hadi inavuja.

Umesikia kwamba tumeshinda tatu mfululizo. Wewe utasema ni gumbo. Mimi nitasema hivi: Jumapili kabla ya mechi ya mwisho walikuja wote watano, wakaketi mezani kwa mpangilio uleule wa uwanjani, kushoto hadi kulia, na hakuna aliyewaambia. Garnett katikati. Anselme alikuwa amesimama kando ya jokofu na sahani yake, kama mgeni.

Lakini Jumamosi kano za goti la Garnett zimekatika. Msimu wake umekwisha. Alilia kwenye gari la wagonjwa, si kwa maumivu. Aliniuliza, "Kocha, nani atakaa pale katikati?"

Sina mwingine, kaka. Anselme ataanza Jumamosi hii na mbili zinazofuata. Hapo atakuwa amefikisha nne. Kwa ajili ya Grand Chenal namfundisha Hollis kupitisha mpira, kila asubuhi kabla ya darasa. Mikono yake ni mizito. Mpira mmoja umevunja dirisha la kanisa, lakini anajitahidi.

Mdogo wako,
Ovide


Mtamboni
17 Novemba

Mdogo wangu Ovide,

Habari za huko? Za huku usiulize, huku ni sherehe! Sijalala vizuri wala sitaki.

Mechi tatu, ushindi mara tatu, na katikati ya ukuta limeketi jina langu! Nilisimama juu ya meza ya jikoni nikawahutubia wachimbaji. Nikawaambia yule mtoto nimemzaa mimi, mkitaka sahihi yangu pangeni mstari. Yule msemaji wa televisheni, mjinga aliyepakwa poda, akasema "kijana huyu bado mwepesi." Mwepesi! Wakati huohuo Anselme alikuwa amemkalia mtu. Na wote watano wanaondoka kwa mguu mmoja, Ovide. Mguu mmoja! Nimezima sauti ili niutazame tu huo mguu. Septemba walikuwa takataka, nilisema na sirudishi neno. Sasa mtu yeyote atakayewaita takataka nitampikia mimi mwenyewe na atajuta.

Basi nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mechi yake ya kwanza, ule mkupuo wangu. Halafu hizi tatu. Kidole cha Grand Chenal kikabaki peke yake, na hakina mwenyewe. Nilikihesabu tena nikianzia upande wa pili.

Ningenyamaza na simu yangu, Jumamosi hii angecheza na hakuna kingeungua. Nimesema. Usinijibu hapo.

Ila sikiliza. Hollis ni ng'ombe mzuri, lakini ile mikono! Mkimweka katikati mtafungwa, na mkifungwa yule mla-mchuzi-kwa-uma atakufukuza. Umejenga kitu hapo kwa miezi mitatu kwa kukanyagakanyaga chini kama mwendawazimu, halafu uje utupwe kwa sababu ya sekunde sita zangu? Hapana. Mwaka wa mwanangu nakupa. Uchome. Ana mingine mitatu, na wewe kiti una kimoja. Mchezeshe. Kaka yako ndiye anayesema, wala sikuombi.

Barua hii naituma na rubani wa helikopta, itakufikia kabla ya mechi. Amelipwa kwa mkate wa mahindi.

Kaka yako,
Alcide


Bayou Carmel
25 Novemba

Kaka yangu, shikamoo.

Sisi wazima. Naanza na hilo kwa sababu ni kweli.

Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisoma ndani ya gari. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivyo, tena kwa matusi.

Mechi umeiona, lakini televisheni haikuonyesha yote. Tulikuwa nyuma kwa tatu, ishirini kwa kumi na saba, na ukuta ukausukuma mpira kutoka kwetu hadi mlangoni mwao, hatua kwa hatua, na Grand Chenal wanarudi nyuma kama wanaosukumwa na gari. Kaka, hata enzi zako hamkuwa hivyo. Samahani, lakini hamkuwa hivyo.

Zikabaki hatua nne kufika mstari wao, na sekunde za mwisho. Anselme akaja kando yangu, kofia kichwani, amejifunga tayari. Akasema, "Baba mdogo, niingize."

Uwanjani hajawahi kuniita hivyo. Nikamwambia, "Hapa mimi ni kocha. Kaketi."

"Baba amekubali. Ameniandikia na mimi."

"Babako alikubali hata kabla hujazaliwa. Kaketi, Anselme."

Hollis akaupitisha mpira. Ulikwenda chini, ukagonga goti la mrushaji, na wale wa njano wakaulalia, tukafungwa. Basi.

Nilikuwa nimewaambia vijana tangu Agosti kwamba hakuna anayekanyagwa ili mwingine apande. Nikimchoma mtoto wa kaka yangu kuokoa kiti changu, Jumatatu nitasimama mbele yao niseme nini? Mwaka ule haukuwa wako kuutoa, kaka, wala wangu kuupokea. Ni wake, na bado anao.

Jumapili mkuu wa chuo aliniita. Alikuwa na barua ya kuniachisha kazi tayari imepigwa chapa, nadhani tangu Oktoba. Hollis amekuja hapa nyumbani akaomba msamaha mpaka Célestine akamfukuza kwa mwiko. Wiki ijayo naenda Arkansas, kuna chuo kidogo kinatafuta mtu wa kufundisha ukuta tu.

Usimpigie mtu simu.

Mdogo wako,
Ovide


Bayou Carmel, jikoni kwako
12 Desemba

Mdogo wangu Ovide,

Salamu kutoka nyumbani kwako mwenyewe. Shemeji mzima, mbwa mzima, mimi nimeshuka likizo na ni mzima kupita kiasi. Natumaini Arkansas wanakupa kitu cha kula kinachoeleweka. Nimepita huko mara moja, hata mbu walikuwa wamehama.

Sikumpigia mtu simu. Wao walinipigia. Ofisi ya mkuu wa chuo, kwa sauti ya asali: "Mzee Alcide, tunamkaribisha kocha mpya, je utatupikia ile gumbo yako ya kila mwaka?" Nikasema kwa heshima kubwa, nitakuja.

Nimepika, Ovide. Sijawahi kupika vile. Kamba, soseji, kaa waliokuwa wakitembea asubuhi ileile. Harufu ikafika hadi barabara kuu. Ukumbi umejaa, timu nzima imevaa tai, matajiri wa chuo wameketi mbele na mashavu yao. Kocha mpya, kijana ana meno mengi kuliko maneno, anasema amekuja na "mpango wa kununua ushindi haraka," ana watu wake wa ukuta wanakuja Januari kutoka vyuo vitatu. Wakapiga makofi. Na mkuu wa chuo ameshashika uma mkononi!

Hapo nikazima moto, nikafunika sufuria. Nikasema, "Mabibi na mabwana, chakula hiki kilipikwa kwa ajili ya kocha. Nimetazama humu ndani, simwoni. Nampelekea kwake."

Mkuu wa chuo akasema, "Mzee, huo ni mzaha?"

"Mheshimiwa, mzaha umeuajiri wewe, umesimama hapo na kipaza sauti."

Sufuria ile inabebwa na watu wanne. Nikainama kuishika peke yangu, maana sikuwa nimepanga zaidi ya hapo. Nikasikia viti vinasukumwa. Hollis kashika mkono mmoja wa sufuria, wenzake wakashika mingine, Garnett na magongo yake akatufungulia mlango. Tukatoka. Halafu timu nzima ikatoka, Ovide, na mikate wakabeba. Kule ndani tukawaachia maji ya limau.

Tumetembea na sufuria hadi kwako, wote, kwa mguu mmoja. Shemeji alipotuona alikaa chini ya ngazi akalia, kisha akaniuliza nani ataosha vyombo.

Sasa naandika hapa pembeni ya jiko lako na siwezi hata kusogeza kiwiko. Viti vimekwisha. Wa mwaka wa mwisho wameketi mezani. Hollis amemshikilia mbwa, na ameanza kucheka tena kidogo. Anselme amesimama na sahani yake, ameninong'oneza kwamba amechoka, amwombe nani kiti?

Nikamwambia asimwombe mtu. Hawa wamemaliza, wacha wakae. Wewe simama, mwanangu. Una miaka minne mbele yako.

Kaka yako,
Alcide