Koko hakufunga mvua

Bunia, Mbunya, kwa Baba Mudogo

Mama yangu mupenzi,

Ninakusalimia na moyo wote. Kifua inakuachilia kidogo? Habari ya maharagi usiniandikie, ninaijua. Siye hapa tuko wazima, Baba Mudogo na watoto wake, hakuna mugonjwa. Ila mimi siko muzima, Mama. Tangu jana sijakula. Nimechana barua mbili mbele ya hii. Telefone yako haiiti, eti antene yenu imekufa.

Yaya Jerome, yule wa pikipiki anayeletaka mihogo yenu, alinikuta jana kwenye mulango ya shule.

"Asifiwe, koko yako, ule mama muzee wenu, wanamusumbua."

"Nani?"

"Vijana. Wanasema alifunga mvua. Walimuona amefunika chungu kwenye kiwanja, siku ile ya mvua ya kwanza, na toka pale jua, jua tu. Wamemupa mpaka siku ya Mungu, Jumapili hii, atoke kijijini."

"Lakini ile chungu iko na tundu! Anafunikiaka vifaranga!"

"Naye alisema vile. Wakacheka: Eh koko, vifaranga vyako njo vinakunywa mvua yetu?"

Mama, Koko hakufunga kitu. Ni mimi.

Usikilize polepole. Unajua kila asubuhi mbele ya masomo ninapimaka mvua kwenye ile kopo ya shule yenye namba. Mwalimu wetu wa jiografia anatuma hesabu yetu kwenye biro ya hali ya hewa. Kule wanaiunganisha na ya pahali pengine, wanaangalia na ule upepo wa maji unaotoka bahari ya magaribi, wenyewe wanauita mousson, kisha wanaandika mvua ya musimu itakuwa namna gani. Karatasi inakuyaka kwa Kifaransa. Mwenye kuigeuza kwa Kiswahili, redio isome, ni mimi. Haukujua. Niliona haya kukuambia, watu wasiseme mutoto wako anajivuna.

Mwezi wa tatu Mwalimu alikuwa safarini. Akanisomea karatasi kwenye telefone, mimi ninaandika, reseau inakatika-katika. Akasema: "Faux départ des pluies." Mama, kwa Kifaransa kuko maneno mbili zenye kusikika sawasawa, "fo". Moja ni "inafaa". Ingine ni "ya uongo". Yeye alikuwa anasema mwanzo wa mvua utakuwa wa uongo, itanyesha siku kidogo, itakatika, watu wangojee. Mimi niliandika ile ya kwanza: inafaa kuanza. Yenye ilifuata, reseau ilikula. Akauliza, "Umeshika yote?" Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Sikushika. Kusema tu "rudilia, Mwalimu", midomo yangu ilikataa.

Basi redio ikasema mvua imefika, inafaa kuanza kupanda. Na weye ukatia mbegu yote kwenye udongo, hata ile yenye ulikuwa unachunga juu ya moshi ya jiko.

Mwalimu aliporudi alifungua kaye yangu, akaona vile niliandika, akacheka mpaka akatoa miwani. Akachukua bic nyekundu. "Asifiwe! Mutoto wa sekondari! Kwa ortografe, zero." Alifikiri ni kosa ya herufi kwenye kaye tu, redio ilisoma sawa. Nami nikacheka. Shamba yako ilikuwa inakauka, Mama, mimi ninacheka na Mwalimu. Kisha nikanyamaza wiki tatu.

Sasa sikia kitu kinachoniua. Juzi karatasi mupya imefika, mara hii nimeisoma na macho yangu: mvua ya kweli inarudi wiki inayokuya. Hapa mawingu imeanza kupanda toka asubuhi, na leo kopo ilikuwa na milimetre ine. Wakimufukuza Koko siku ya Mungu, na mvua ikanyesha siku inayofuata, watasema: muliona? Ametoka, mvua imefunguka. Nani atawabishia? Hatarudia kwake hata siku moja. Leo asubuhi kwenye misa ya shule wengine walikuwa wanaomba mvua, mimi nilikuwa ninaomba ichelewe. Mimi niliyewaharibia shamba! Niko mutu gani, Mama?

Nilimuambia Mwalimu yote leo, nyuma ya masomo. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi ya wanafunzi, akasema, "Mimi pia ningekuuliza mara ya pili." Atapeleka masahihisho kwenye redio, lakini kwenu nani atasadiki tena redio ile? Njo maana ameandika maneno yake kwenye mugongo ya barua hii, na sinyatire yake, watu wajue ni yeye.

Jerome anaondoka kesho, atafika kwenu siku ya ine, siku tatu mbele ya siku ya Mungu. Mama, usisome peke yako, kisha uingize barua ndani ya Biblia. Ninakujua, utataka kunificha. Umupelekee katekista, aisome mbele ya watu wote, na jina yangu asiiruke. Vijana wakitaka mutu wa kukasirikia, wamekasirikia mwenye hana kosa. Wanikasirikie mimi.

Kama mutapata mbegu kwa ndugu, musipande kwa mvua ya kwanza. Mwalimu ameandika pale mugongoni siku za kungojea, ni hesabu yake, si yangu.

Unisalimie mudogo wangu mwenye kuchunga mbuzi, na mama mukubwa aliyetuazima jembe, na katekista mwenyewe mbele hajaanza kusoma. Na Koko. Umushike mukono, umuambie asitoke. Hata wakimubembeleza, hata wakisema ni kulala siku mbili tu kwa ndugu mpaka hasira ipoe, asikubali. Mukae naye, mulango wazi, watu wote wamuone. Mvua imukute kwake.

Ni mimi, mutoto wako mwenye kosa,

Asifiwe