Wamenipa Mkoba

Herndon, Virginia
Alhamisi, 27 Agosti 1998

Kaka Method mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii utaifungua umesimama, na macho yatakimbia moja kwa moja kutafuta tarehe yangu ya kufika. Nakuomba usikimbie. Kaa kwanza, uisome kuanzia juu. Hujambo wewe, na shemeji Euphrasia hajambo? Mama mgongo unasemaje msimu huu wa vumbi? Mimi mwili wangu hauna neno, nakula na kushiba. Kinachotangatanga ni moyo. Tangu nilipoipata barua yako ya Julai sijakaa kwenye kiti dakika kumi mfululizo. Hata sasa naandika nimesimama, karatasi nimeilaza juu ya mashine ya kufulia, nayo inatikisika, kwa hiyo mwandiko ukikushinda usiseme Marekani imeniharibu.

Barua hii ataileta Anitha wa ubalozini, yule ambaye kwao ni mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Tabora. Anaondoka keshokutwa kwenda likizo na ameniahidi kwamba atakukabidhi mkononi, pamoja na mzigo mmoja ambao nitakueleza. Utauliza kwa nini sikupiga simu dukani kwa Mzee Gervas. Nilipiga, kaka, mara mbili. Zote mbili ulikuja mbio, ukanipa habari za timu kwa furaha mpaka unakohoa, na mimi niliyekuwa nimejiandaa na maneno yangu nikaishia kuuliza kama mvua imenyesha. Mvua, Tabora, mwezi wa saba! Wewe ukacheka, ukasema Marekani imenichanganya.

Uliniandikia kwamba usajili wa ligi ya mkoa unafungwa tarehe kumi na tano Septemba, kwamba safari hii timu yetu ya Kiloleni lazima ipande daraja, na kwamba jezi namba tano umeniwekea mimi. Ukasema Sebastian umeshamwambia apumzike, hana kinyongo, amerudi kwenye baiskeli zake pale sokoni, na jezi aliirudisha imefuliwa na kukunjwa. Neno hilo, imefuliwa na kukunjwa, ndilo lililoninyima raha kuliko yote. Miaka mitatu tangu niondoke amesimama nyuma pale peke yake, na anaondoka kwa adabu hivyo. Jibu lako ninalo, kaka, lakini siwezi kulitoa kabla sijakueleza habari za Ramiro, maana bila yeye nisingethubutu.

Ramiro Ugalde ni yule Mhispania uliyemuulizia, wa pili kutoka kushoto kwenye picha ya timu, mwenye shingo nene na nywele zilizoanza kukimbia paji la uso. Ni beki, ana miaka thelathini na sita. Alianza mpira akiwa na miaka kumi na saba katika mji wao wa viwanda vya chuma, kaskazini mwa Hispania. Toka hapo hakutulia. Alikwenda kusini kwenye joto, akashuka daraja na timu moja, akapanda na nyingine, akashuka tena. Akaenda Ureno misimu miwili. Akaenda Meksiko, ambako anasema mji uko juu milimani kiasi kwamba wiki ya kwanza alitapika kila mazoezi. Akaenda Ugiriki. Mwaka huu Machi akaja hapa kwetu, daraja la pili, uwanja wa nyasi zilizoungua nyuma ya ghala. Timu kumi na moja katika miaka kumi na tisa. Anasema anaweza kuomba barafu ya goti kwa lugha tano.

Wenzake walimwona mzee mwenye maringo, mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa anapiga kelele za ajabu, anapanga mabeki kwa mikono kama mama anayepanga watoto kwa ajili ya picha. Alinifundisha kwamba beki mzuri jezi yake haichafuki, kwa sababu anakuwa ameshafika kabla ya kulazimika kujitupa chini. Na ni kweli, jezi yake ilikuwa safi kuliko zote.

Lakini alikuwa mtu asiyetulia hata kidogo. Chumba alichopangishiwa na timu nilikiona, sanduku liko wazi sakafuni, nguo zote zimo ndani, kabatini hakuna hata soksi. Uwanja wetu uko njiani mwa ndege zinazotua na kuruka pale Dulles. Kila ilipopita moja Ramiro aliinua kichwa, hata mazoezini, na kutaja inakokwenda. Kocha alishakasirika mara nyingi. Gitau, Mkenya ninayekaa naye, anaendesha basi dogo la hoteli kupeleka abiria uwanja wa ndege, kwa hiyo anazijua saa zote za safari. Alinihakikishia kwamba Ramiro hakuwa anakosea. Gitau akasema huyo mzungu ako na shida, mtu hawezi kuwa anacheza mpira huku amepanda ndege kwa kichwa. Nikacheka, kumbe na mimi ndivyo nilivyo. Mwili uko Herndon, akili iko klabuni, ofisini kwako ukutani, mahali ulipotundika picha yangu.

Mwezi wa nne goti la Ramiro lilianza kufa. Nilijua mimi tu. Alikuwa akija uwanjani mapema kuliko wote, namkuta amekaa kwenye benchi, namfunga bandeji chini ya suruali ndefu ili kocha asione. Aliniapisha nisiseme. Alisema akipata msimu mmoja mzuri atapata timu nyingine, pengine Japani, pengine Chile, na akikosa itabidi arudi kwao, na kwao hajui hata fundi viatu yuko wapi. Nikakubali. Nani mimi wa kumfichua mwenzangu? Kwenye benchi alikuwapo Solomon, beki wa akiba, mtu wa hapa jirani, Oxon Hill, miaka ishirini na minne, miguu yote miwili mizima. Msimu mzima alivaa, akapasha misuli moto, akavua. Kila kocha alipomuuliza Ramiro kama yuko sawa, Ramiro alisema yuko sawa, na kocha alimwamini kwa sababu ya hizo timu kumi na moja.

Jumamosi ya tarehe kumi na tano mwezi huu tulihitaji sare tu ili tuingie kwenye mtoano. Mpaka dakika ya themanini ilikuwa bila kwa bila. Ukapigwa mpira mrefu wa kawaida, mpira ambao wewe kaka ungeutuliza kwa kifua huku unaongea. Ramiro akageuka, goti halikugeuka naye. Mshambuliaji wao akapita, akafunga, na msimu wetu ukaishia hapo.

Tukarudi chumba cha kubadilishia nguo. Nilidhani Ramiro atalia au atavunja kitu. Alichechemea mpaka mbele ya Solomon, akasimama, akamwambia mbele ya timu nzima kwamba goti lake lilikufa tangu Aprili na yeye alijua. Akasema kuzeeka si kosa la mtu, kosa lake ni kwamba alikaa mahali ambapo Solomon angesimama vizuri zaidi, akanyamaza, na leo wote wamelipia. Akamwomba msamaha. Solomon aliendelea kufungua kamba za viatu vyake, taratibu, kisha akamjibu bila hasira kwamba asante, ila angependa kuambiwa Aprili.

Kaka, nilikuwa nimesimama pembeni na barafu mikononi. Nilihesabu papo hapo siku zilizobaki mpaka tarehe kumi na tano Septemba.

Sasa nasema. Mimi si mchezaji wa timu hii. Sijawahi kuwa, hata mechi moja, hata dakika moja. Nikiwahi uwanjani kabla ya wote ni kwa sababu ndiye ninayefungua milango na kujaza mipira upepo. Nikiondoka baada ya wote ni kwa sababu nafua jezi, na ndiyo maana najua ya Ramiro ilikuwa safi. Hii mashine inayotikisa mwandiko wangu ina jezi ishirini na mbili ndani yake, za kuweka kabatini mpaka msimu ujao.

Unakumbuka barua yangu ya Machi? Niliandika hivi: nimepata timu ya mpira, wamenipa mkoba. Ndivyo ilivyokuwa. Walinipa mkoba wa buluu wenye bandeji, dawa ya kupuliza na mfuko wa barafu, niwe naukimbiza uwanjani mchezaji akianguka. Nilipoandika nilikuwa nacheka peke yangu. Nilisema kaka atacheka pia, atasema huyu mdogo wangu, Baba alikuwa mkoba, beki wa mwisho, ukuta wa timu ya reli, na yeye amepewa mkoba wa kubeba. Nilitaka kuongeza maelezo chini, karatasi ikaisha, nikaona utaelewa.

Wewe ukaelewa unavyoelewa mpira. Ukanijibu kwamba barua umeisoma mbele ya wanachama, watu wakapiga makofi. Na kwamba Mama alivaa kitenge kizuri akaenda peke yake kaburini kwa Baba, kumwambia kwamba nafasi yake Fidelis ameichukua huko Marekani. Niliyasoma hayo nimekaa ndani ya basi la Gitau, nikashindwa kushuka. Ningeandikaje kwamba ni mfuko wa bandeji? Ningemrudishaje Mama kaburini? Nikaona ninyamaze, pengine mambo yatasahaulika yenyewe. Lakini ukaomba picha, na hapo kaka utani wangu ukageuka uongo. Nilivaa jezi ya Ramiro, nikaweka mguu juu ya mpira, Gitau akapiga. Alinionya, akaniambia, wee Fidelis, picha haizeeki, ni wewe utazeeka na hiyo uongo. Nikamwambia apige tu. Na lile bao nililokuandikia mwezi wa tano kwamba nililiokoa mstarini kwa kichwa, alikuwa Ramiro. Mimi nilikimbia baadaye kumfunga paji la uso.

Nimeona aibu miezi mitano, naona aibu sasa. Nikane, nitukane, una haki. Lakini kwanza vaa kofia uende sokoni kwa Sebastian. Nenda leo, usingoje kesho. Mrudishie jezi namba tano na umwandikishe kabla ya tarehe kumi na tano. Msiingie ligi na pengo nyuma kwa ajili ya mtu aliyeko kwenye picha. Picha ishushe. Wanachama waambie ukweli wote au nusu, unavyoona wewe, nitaubeba.

Mama usimwambie. Hilo ni langu. Jumapili ya tarehe kumi na tatu, saa kumi jioni ya huko, nitapiga simu kwa Mzee Gervas. Mlete Mama, mpe kiti, nawe usimame karibu yake. Nikianza kuuliza habari za mvua, ninyang'anye maneno, uniambie niseme nililopigia.

Ramiro ameondoka juzi. Gitau alimpeleka uwanja wa ndege, nami nikasindikiza. Amerudi mjini kwao, safari hii hakuna timu inayomngoja. Njiani nilimweleza kwamba kwetu mtu akiacha mpira tunasema ametundika daluga. Akacheka sana, kisha akasema yeye hana ukuta wa kuzitundikia. Basi nikamwambia habari za Sebastian, na zako, na zangu pia, zote. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuzisikia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu leo ni tarehe ngapi. Tulipofika akafungua sanduku, akanipa viatu vyenyewe, daluga zake za mwisho, namba arobaini na mbili, na nakumbuka Sebastian anavaa hiyo hiyo.

Zimo ndani ya mzigo atakaokupa Anitha. Mzigo wenyewe ni mkoba wa buluu, mpini mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Timu imeleta mpya, huo wakaniambia niutupe. Nimeufua. Ndio huo, kaka, mkoba walionipa. Usiufungue wewe, mpelekee Sebastian aufungue mwenyewe.

Nisalimie shemeji Euphrasia, mwambie kile kitambaa alichoniomba, Anitha amekiweka kwenye mzigo wake. Wasalimie wanachama wote, hata wale watakaonicheka, waache wacheke. Mzee Gervas mwambie simu yake nimeitumia vibaya mara mbili, ya tatu nitaitumia vizuri. Gitau anakusalimu ingawa hakujui, anasema eti ningekuwa na kaka kama wewe karibu ningenyooka mapema.

Kaburini kwa Baba nitakwenda mwenyewe siku Mungu akinirudisha. Ila mkipita kabla yangu, mwambieni nafasi yake anayo Sebastian.

Ni mimi mdogo wako,
Fidelis