Ngata Yenye Mkia

Papa,

Mtoto wa jirani yetu ameungua mikono kwa sabuni yenye alama yako.

Moto haukumgusa. Mama yake alimnawisha mikono asubuhi kama siku zote, na ilipofika adhuhuri ngozi ya vidole ilikuwa imevimba na kuanza kuchubuka. Alikuja kwetu na kipande cha sabuni, akakiweka juu ya kigoda bila kupiga kelele, akamwambia Mama, "Mama Nadine, mi nilinunua kwa sababu ya ngata. Niliamini." Kisha akaondoka.

Nilikichukua. Ngata yako ilikuwa pale, ile pete ya majani ya mgomba ambayo wanawake huweka kichwani chini ya mzigo, pamoja na mkia wake mdogo uliochomoza kando. Nikafanya ulivyonifundisha, nikaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikaniuma mpaka machozi yakanitoka. Sabuni hii haikupumzishwa kwenye mbao ikakomaa hata kidogo, na soda kali ya kupikia sabuni imetiwa bila kipimo. Ulizoea kusema, "Sabuni inayouma ulimi haitoki mlangoni kwangu." Hii haikutoka mlangoni kwako, Papa. Imetoka kwenye ghala la Tonton Libère.

Jumatatu mimi na Mama tunaitwa ofisini kuitetea alama yako. Ningekuwa na njia ya kukuuliza kama tumefanya vyema, ningekuuliza. Sina, kwa hiyo ninakusimulia.

Walipokuleta kutoka barabara ya Rumonge, mapipa ya mawese ya sabuni uliyoyafuata hayakuja pamoja nawe. Uliletwa peke yako, umefunikwa kwa turubai. Nyumba yetu ya mtaa wa Jabe ilijaa watu. Baba mkubwa akafunga karakana kwa kufuli na kusema kwamba hakuna atakayegusa kitu chako, wala kutamka kitakuwa cha nani, mpaka tutakapoganduka, yaani mpaka siku ya kuondoa msiba baada ya mwaka. Wote wakakubali. Ndivyo ilivyo kwetu, na mtu anayetaja mali ya marehemu kabla ya siku hiyo huonekana alikuwa akikingoja kifo chake.

Aliyekubali kwa sauti kubwa kuliko wote ni Tonton Libère. Unajua alivyokuwa nyumbani kwetu: mwenye kuchukua sabuni yako na kuisambaza mikoani, mwenye kunibeba mabegani nilipokuwa mdogo, mpaka nikamwita Tonton, yaani mjomba. Alileta makreti ya vinywaji. Alikaa mkekani karibu na Mama, akalia. Mama aliposema kwa sauti ndogo kwamba wateja wataanza kuuliza, akamshika mkono. "Apana, Mama Nadine. Biashara itangoja. Tumuheshimu kwanza Prosper." Wazee wakatikisa vichwa, wakasema huyo ndiye rafiki.

Tukangoja. Kodi ya nyumba ikatushinda, tukahamia Buterere, pembezoni mwa mji, kwa shangazi. Tulikuja na mkokoteni mmoja, na tuliwaambia watu wachache. Huku mvua ikinyesha maji ya mashamba ya mpunga huingia mpaka chini ya kitanda. Mchana tukiwa shuleni tunasikia milio ya bunduki kutoka milimani, na mwalimu hutazama dirishani, halafu huendelea na sentensi ileile.

Tangu nchi jirani zifunge mipaka, sabuni ya kutoka nje imekuwa adimu. Kwa hiyo niliposikia sokoni kwamba ngata imerudi, nilifurahi, Papa. Nilidhani ni mabaki yako. Halafu nikaona ni katoni mpya, na juu ya kila katoni limechapishwa jina la Libère.

Tulipoganduka, kabla hata ya kufungua kufuli, nilikwenda na Mama katika ofisi inayoandikisha alama za biashara. Nilivaa sare ya shule ili waone kwamba tumekuja kwa heshima. Karani mmoja, mama mwenye miwani, alitusikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha. Akasema, "Binti yangu, hapa hatuulizi nani alichonga alama kwanza. Tunauliza nani aliandikisha kwanza. Huyu bwana alileta maombi yake zamani." Alipotuonyesha tarehe, Mama alikaa chini. Ilikuwa ndani ya siku zile za mwanzo za msiba, tungali tunalala mkekani sebuleni. Tonton Libère alipokuwa akitufuta machozi, alikuwa ameshapeleka ngata yako ofisini.

Nimefikiri sana kwa nini hukuiandikisha mwenyewe. Nakumbuka Mama alikuuliza, na ukamjibu, "Leo karatasi inauliza jina. Kesho inauliza kilima ulichozaliwa." Sikulaumu, maana kwetu kilima humfichua mtu ni wa watu gani. Katika miaka hii watu wanaofahamika vizuri sana ndio wanaotafutwa. Ulidhani inatosha Jabe nzima kujua kwamba ngata ni ya Prosper. Lakini soko linajua kwa mdomo, na mdomo unaweza kufungwa.

Mama mwenye miwani alisema mlango mmoja bado uko wazi. Maombi yake hayajakamilika, kwa hiyo tunaweza kuandika upinzani na kuleta ushahidi kwamba alama ilitumiwa na wewe na kufahamika kabla yake. Niliandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wangu bora. Karakana ilipofunguliwa, tulipeleka muhuri wako wa mti na vipande vya zamani ambavyo shangazi alikuwa amehifadhi kabatini ili nguo zinukie. Ila ushahidi wa watu ndio uliokuwa mgumu. Wauzaji waliokuita kaka walituambia, "Mi sijui kitu." Mmoja alifunga kibanda alipotuona tunakuja.

Mzee Salum peke yake ndiye aliyekubali, yule mwenye duka la Jabe ambaye babu zake walitoka Omani. Alivaa miwani, akasoma kila mstari, akasema, "Bismillahi. Miaka yote nimeuza ngata ya Prosper. Nikisema leo sikumjua, kesho nitamjibu nini Mola wangu?" Akatia sahihi. Wiki iliyofuata, habari zikiwa zimeshaenea sokoni, vijana wawili walikaa mbele ya duka lake mchana kutwa. Hawakununua kitu na hawakusema kitu. Wateja waliwaona, wakavuka barabara.

Bado kulikuwa na sehemu moja ya kujaza kwenye karatasi ya upinzani. Mama mwenye miwani alitueleza kwamba nakala ya upinzani itapelekwa kwa yule bwana, pamoja na jina la mpinzani na mahali anapoishi. Ndiyo sheria, kila upande lazima umjue mwenzake. Kalamu ya Mama ilisimama. Nilitazama meza, kwa sababu mimi ndiye niliyemshawishi mpaka pale. Kisha akaandika: Buterere. Akaongeza nyumba na mtaro ulio mbele yake, kwa herufi kubwa, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

Mgeni alikuja, Papa.

Alikuja mchana, na gari jeupe la kubebea mizigo. Nyuma alikaa mtu mwenye koti zito, kama la kufichia kitu, kwenye jua lile, na hakushuka. Tonton Libère alitandaza mikono. "Eh, Mama Nadine! Mulituficha kweli! Kumbe muko huku na vyura!" Alicheka, nasi tukamletea kiti, kwa sababu mtu akifika huletewa kiti. "Karatasi zenu nimezipata, asante sana. Sasa najua kwenu."

Alisema Mama afute upinzani, naye atampa kazi ya kufungasha sabuni kwenye ghala lake la Quartier Industriel, kule kwenye viwanda. Alisema ofisi ni kwa watu wenye muda. "Na we unapigania nini? Duara tu. Mutu yeyote anaweza kuchora duara."

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Ndiyo, Libère. Duara ni la kila mutu. Lakini ule mkia ni wangu. Mi ndiye nilikuwa sijui kukunja ngata."

Hukuwahi kunisimulia jambo hilo. Kumbe Mama alipobeba kichwani sabuni zako za kwanza kwenda sokoni, jani lilikuwa likimchomoza kando ya sikio kila siku, ukamcheka, ukalichonga hivyohivyo. Na Tonton Libère alinakili kila kitu mpaka kosa la Mama.

"Na kama duara ni la kila mutu," Mama akaendelea, "mbona ulikimbia kuliandikisha tukiwa bado kwenye msiba?"

Tonton Libère aliacha kucheka. Alinitazama mimi, kwa upole, kama zamani. "Na huyu binti, siku hizi anasoma wapi?"

Nilikaribia kumjibu. Nimefundishwa kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa. Mama akagonga ungo kwa nguvu, mchele ukamwagika, nikainama kuuokota. Nilipoinuka alikuwa anapanda gari.

Tangu hapo gari lile hupita. Halisimami, hupunguza mwendo tu mbele ya mtaro. Baba mkubwa ametuma ujumbe: "Muache. Alama haizidi mutu." Mama alikuwa karibu kumsikiliza. Jana alianza kukunja nguo zetu, na sikujua tungekwenda wapi.

Leo ndipo jirani alipoleta kile kipande. Mama alikishika muda mrefu. Naye akakigusa kwa ulimi, akatema. Kisha akaniuliza kama mtu anayemuuliza mwenzake, "Nadine, wewe unasemaje?"

Nikamwambia kwamba tukinyamaza, kila mtoto atakayeungua ataungua kwa jina la Papa, na wewe huwezi kuinuka kusema si wewe. Mama alirudisha nguo kabatini, moja moja, akapiga pasi gauni lake la Jumapili na kulitundika mlangoni, tayari kwa Jumatatu.

Sijui watatuamulia nini, Papa. Mama mwenye miwani hakutuahidi kitu, ila alisema upinzani wetu umeandikwa vizuri, na neno hilo nimelihifadhi. Sijui pia kama njia ya kwenda itakuwa wazi asubuhi hiyo, au nani atakuwa amesimama mahali fulani kando yake. Usituombee tusiogope, maana tumeshaogopa. Tuombee tufike.

Basi nakuaga. Nimelia kidogo wakati wa kuandika, ila wino haukuharibika. Nakuahidi hivi: wakiniuliza mbele ya Tonton Libère mimi ni nani, sitaongea chini chini kama tulivyozoea siku hizi. Nitataja jina langu na lako, na kilima ulichozaliwa, na nyumba tunayoishi, naye akiwa amekaa pale anasikia.

Binti yako,
Nadine