Mlango Namba Ishirini na Saba

Tata,

Baba yangu, jana mlango wako uliwekwa ukutani. Ule ule wa kijani, namba ishirini na saba, ulioung'oa kwenye nyumba yetu ya kampuni pale Kolwezi tulipoambiwa kwamba sisi ni watu wa Kasai na turudi kwetu. Wewe ulizaliwa Kolwezi. Kasai hukuwahi kuiona hata kwenye picha. Wenzako walibeba masufuria na magodoro hadi stesheni ya pale mjini. Wewe, fundi wa kulehemu mzima, ukabeba mlango.

Watu walicheka. "Tata, mulango bila nyumba ni ya kazi gani?" Ukajibu, "Nyumba itakuya."

Treni haikuja wiki ile, wala iliyofuata. Tuliulaza mlango juu ya matofali, ukawa kitanda chako homa ilipokushika. Kila asubuhi uliugonga kwa kidole: "Hodi." Sisi watoto tulijibu "Karibu," nawe ukaanza kututembeza katika nyumba ya Kasai. Veranda hapa, jiko nyuma, dirisha la mama linatazama barabara. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku mvua ilipolowesha makaa, mama akataka kuupasua mlango apate kuni, na mimi nikawa upande wake. Nikakuambia, "Tata, kule hakuna nyumba. Acha kutudanganya." Kesho yake uligonga. Wadogo zangu walijibu. Mimi nilinyamaza. Kabla ya saa sita mchana ulikuwa umekata roho.

Nimekaa na ukimya ule miaka yote. Unisamehe.

Sasa nashona nguo hapa Mwene-Ditu, huku huku Kasai, na nimeelewa kitu. Nyumba uliyotuonyesha ilikuwa ile ile ya Kolwezi, veranda yake, jiko lake. Ungetoa wapi nyingine? Hakuna ashonaye bila kitambaa, na kitambaa cha kesho ni maisha ambayo mtu amekwisha kuyaishi. Hukutudanganya, Tata. Ulitupa mahali pa kwenda, ili tusikae stesheni kama mizigo. Treni ilipofika nilipanda bila wewe, mlango umefungwa kwa kamba juu ya behewa, na nilipanda kwa sababu nilijua dirisha la mama litatazama wapi.

Mwashi anayetujengea nyumba hii alikuta mlango ni mpana kuliko nafasi aliyoacha. Akashika msumeno. Nikamwambia abomoe ukuta. Alinung'unika mpaka jioni, lakini alibomoa. Majirani wanauliza nyumba ishirini na sita za kwanza ziko wapi. Na mama, yule yule aliyetaka kuufanya kuni, sasa anamgombeza kila anayeubamiza.

Nimekukosa sana, Tata. Halafu nikikuwaza nacheka, maana kati yetu wote ni wewe tu waliyeshindwa kumtoa Kolwezi.

Pumzika huko huko kwenu. Rangi nitaipaka upya, namba sitaifuta. Na nakuahidi, kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani nitaijibu ile hodi yako ya mwisho. Leo nimeanza. Nimesimama ndani, nimeweka mkono kwenye mbao pale ulipokuwa ukigonga, nikasema kwa sauti, mama akisikia:

Karibu, Tata.