Begi la Maharage

Keko, Temeke
4 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Goti la mama na masikio yako vinaendeleaje? Mie mwili mzima, sina homa wala kikohozi, ila vumbi la mbao za hawa mafundi wa hapa nje. Moyo ndio unaumwa. Simu husikii, na hili sitaki kulipigia kelele wapangaji wenzangu wakalijua. Ndiyo maana nimempa barua shangazi Auleria, anakuja huko kufuata ndizi.

Ile kazi ya kufundisha Kiingereza Vietnam imekufa. Kozi nilimaliza. Polisi walinizungusha wiki tatu kwa karatasi ya tabia njema. Pasi ilitoka na jina limekosewa, ikarudiwa. Yote nikavumilia. Usaili tulifanya kwa video, yule mama wa kule akanipenda. Kilichobaki ni kumpigia mdhamini wangu, Mwalimu Mkuu wetu, Mbwambo. Unajua alimwambia nini? "Mchukueni, lakini fungeni makabati, huyu ni mwizi wa kuzaliwa." Mwizi, baba! Yule mama akaniandikia kwamba shule yao haichukui watu wa namna hiyo.

Najua Wapare ni watani wetu sie Wachaga. Miaka sita ananiita mwizi, namwita bahili, tunacheka. Lakini ni utani gani huo wa kumfanyia Mvietinamu? Hataki niondoke tu, maana nani atamfundishia darasa la saba? Naapa, atanijua mie ni mtoto wa nani.

Mwanao,
Gladness


Mashati, Rombo
12 Mei 2024

Mwanangu Gladness,

Sisi huku hatujambo, goti la mama yako tu ndilo linasumbua. Barua yako nimeisoma mara mbili. Tafadhali usifanye lolote! Hasira zako ni za bibi yako, nazijua.

Umesahau bibi alipofariki? Mbwambo alikuja kuwakilisha shule yenu. Alishuka kaburini, akalala chali, akakataa kutoka mpaka tumpe beberu. Alimwita marehemu mwizi wa ndizi mbele ya padri. Na tulipoanza kufukia, ni yeye aliyelia mpaka akashikwa. Mtu huyo hawezi kukuharibia kwa makusudi. Amesahau tu kwamba wageni hawajui utani. Kosa ni kubwa, sikatai. Basi mfuate ofisini, mtukane usoni, beba hata kiti chake uondoke nacho, mtani hakatazwi. Halafu mwambie arekebishe alichoharibu.

Auleria yuko hapa kwetu, malaria imemlaza. Akipona atakuletea barua hii. Subiri, mwanangu.

Baba yako,
Apolinari


Keko
14 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Jibu lako sijalipata, na kusubiri nimeshindwa. Hii nampa kondakta wa basi.

Nimemlipa, baba. Nilimwandikia mwenye shule barua isiyo na jina, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba kila Ijumaa Mwalimu Mkuu anabeba maharage ya chakula cha watoto kwenda nayo kwake Tandika. Ni uongo mtupu. Nimetaja mpaka rangi ya mfuko. Jana akasimamishwa kazi pale pale mstarini, watoto wanaona, wazazi waliowaleta wanaona. Shati lilimloa jasho mgongoni. Aliniangalia mara moja tu. Mie nimetulia tuli kama niko kanisani. Na yeye aonje kuitwa mwizi mbele za watu!

Nilipotoka hapo nilikula chipsi mayai sahani mbili. Leo watoto wameanza kuimba "Mbwambo maharage" chooni. Sikuwakataza.

Mwanao,
Gladness


Keko
3 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mie si mzima, nisikudanganye. Shangazi Auleria kaniletea barua yako juzi. Jana Mwalimu Mbwambo kaja mwenyewe.

Alifika alasiri, akakaa kwenye sofa ambalo fundi Daniel wa hapa nje hajalimaliza, akapaza sauti: "Fungeni makabati, mwizi kaingia!" Mafundi wakacheka. Akanipa bahasha. Kumbe aliposikia kazi imekufa, alimwandikia yule mama wa Vietnam mara tatu, akimweleza utani wetu, na kwamba hajawahi kuwa na mwalimu kama mie. Wakataka barua yenye muhuri wa shule. Aliigonga muhuri na kuituma asubuhi ile ile aliyosimamishwa, kabla ya kuitwa mstarini. Ndani ya bahasha ilikuwa nakala yake, na majibu yao: niende, naanza Septemba.

Nikafungua mdomo niseme. Akaniwahi. "Ile barua iliyonitoa kazini nilipewa niisome," akasema. "Kiingereza safi, hata koma haikukosewa. Mwalimu wa Kiingereza hicho nilikuwa naye mmoja tu." Akacheka peke yake. Halafu akaingia ndani, akatoka na begi langu jipya la safari, lile la magurudumu, akaondoka akiliburuta. "Mwizi haondoki mikono mitupu," akasema. Nani angemzuia? Ni mtani.

Baba, ningepigwa ningepona haraka. Nifanyeje?

Mwanao,
Gladness


Mashati
9 Juni 2024

Gladness,

Hatujambo. Sina salamu nyingi.

Nenda Tandika. Mbele ya mke wake na watoto wake, sema ulichofanya kwa mdomo wako. Kisha mwandikie mwenye shule, na safari hii weka jina. Mpaka utakapomaliza, habari za ndege usiniletee.

Apolinari


Keko
10 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti la mama limepata nafuu, na wewe umepoa kidogo.

Tandika nilikwenda. Mke wake alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Toka kwangu." Maji sikupewa, na sikulalamika. Kwa mwenye shule niliandika nikasaini majina yote matatu. Mwalimu Mbwambo karudi kwenye kiti chake, mie nimefukuzwa. Ni sawa.

Nikadhani tumemalizana. Thubutu! Juzi bodaboda kaniletea begi langu, zito ajabu. Nafungua: maharage, mpaka kwenye zipu. Juu kuna kikaratasi, mwandiko wa Mwalimu Mbwambo: "Rudisha mwenyewe. Saa nne, mapumziko."

Nilimtukana, baba, nikamtukana na ukoo wake wote. Halafu nikajifunga kanga, nikaliburuta mpaka shuleni, magurudumu yanapiga kelele barabara nzima. Nilipopita getini watoto wote walikuwa uwanjani na vikombe vya uji. Yeye kasimama mlangoni mwa ofisi, mikono nyuma. Mtoto wa darasa la tatu akaniuliza, "Madamu, umebeba nini?"

"Maharage."

"Yale yaliyoibwa?"

Niliona aibu. Nikamwambia kwa sauti, wote wasikie: "Mwalimu Mkuu hajawahi kuiba hata punje. Nilimsingizia. Mwizi ni mie."

Ndipo yule mzee akapaza sauti kutoka mlangoni: "Si niliwaambia? Mwizi wa kuzaliwa!"

Watoto wakaangua kicheko. Mie nikakaa chini juu ya begi, nikacheka huku nalia, mpaka akaja mwenyewe kuninyanyua.

Ndege ni tarehe 28 Agosti, kama sasa naruhusiwa kuitaja.

Mwanao,
Gladness