Nimemwambia Mgeni Kuwa Mume Wangu ni Kaka Yangu

Shikamoo Mama Apolonia. Nakuomba uisome barua hii haraka, maana Jumamosi hii saa nane mchana kuna mtu anashuka kwenye ndege hapa Dar, na akifika nyumbani kwangu kabla sijajua la kufanya, ndoa yangu ya miaka sita imekwisha.

Nina miaka ishirini na saba, naishi Tandika na mume wangu, nimwite Jabiri, anayefanya kazi bandarini, pamoja na mama yake mzazi. Nafanya kazi Kinondoni kwenye duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi, na mwaka jana mwenye duka, Bwana Gozbert, akaingiza intaneti, kompyuta mbili zimeungwa kwenye laini ya simu, akaniweka mie niwaangalie wateja. Asubuhi wateja wanakuwa bado, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, kwa sababu nilikuwa nimesikia kuna hoteli Msasani zinatafuta wanawake wa mapokezi wanaojua Kitaliano, na nilipomgusia Jabiri akaniambia, "Hoteli si kazi ya mke wa mtu, hayo maneno usinirudishie tena." Basi sikumrudishia. Nikaanza kujifunza kimyakimya. Nilipata ukurasa wenye masomo ya bure, naufungua, naenda kutoa fotokopi mbili tatu wakati wenyewe unajivuta, nikirudi nakuta nusu ya somo imetokea, nalichapa nyuma ya karatasi zilizoharibika na kwenda nalo nyumbani.

Ukurasa huo una mahali ambapo watu wa nchi mbalimbali wanaandika lugha wanayoijua na lugha wanayoitaka, ili wafundishane. Nikaandika jina langu, akajibu Mtaliano mmoja anaitwa Albano, mstaafu wa reli, ana miaka hamsini na tisa, alifiwa na mkewe, anataka Kiswahili. Mwaka mzima tumeandikiana kwa kompyuta, mie namsahihisha, yeye ananisahihisha, na naapa Mama hakuna neno baya tulilowahi kuandikiana. Zoezi linasema eleza ulichofanya jana, nami naeleza, nimefua, nimegombana na muuza samaki, kichwa kiliniuma, na kesho yake Albano anauliza, kichwa kimepoa? Jabiri si mtu mbaya, lakini anarudi amechoka, anakula, analala, na kichwa changu kinabaki changu. Nilizoea kuulizwa. Niseme ukweli, nilipenda.

Lilipofika somo la familia nikamwandika mama yangu, wadogo zangu walioko Kilwa, mama mkwe nikamtia humo humo kama shangazi, na mume sikumwandika. Wala sikusahau, nilitaka kwa ile nusu saa niwe Mwamvita tu. Halafu likaja somo la kuelekeza njia, nikamwelekeza kutoka uwanja wa ndege mpaka kwetu, fika Tazara, pinda kulia, nenda mpaka soko la Tandika, ukiuona msikiti uliza nyumba ya Jabiri wa bandarini. Albano akauliza, Jabiri ni nani? Mkono wangu, Mama, huu huu ninaokuandikia, ukaandika: kaka yangu.

Na kila barua mwishoni nilikuwa naweka, "Karibu sana nyumbani kwetu." Unatujua sie, mtu akitukuta tunakula tunamwambia karibu, naye anasema ahsante nimeshiba, anapita zake. Sasa Alhamisi iliyopita nafungua kompyuta nakuta Albano ameandika kwa Kiswahili kizuri ambacho wakati mwingine kingenifurahisha: "Umenikaribisha mara thelathini na moja. Nimehesabu. Naona haya kukataa tena, kwa hiyo nimenunua tiketi. Leo naanza safari, napitia Nairobi, nafika kwenu Jumamosi ya tarehe kumi na saba, saa nane mchana. Usije kunipokea. Nitafuata maelezo yako mwenyewe, uone kama mwanafunzi wako anaijua njia. Mwambie kaka Jabiri nina neno la kumwomba."

Mama, niliisoma nimesimama, nikakaa chini sakafuni mbele ya wateja. Neno gani hilo anataka kumwomba? Sitaki hata kulifikiria. Nilimwandikia asije, nikamwandikia tena, lakini ameshaondoka, hakuna jibu.

Na kuna jingine. Mama mkwe anauza karanga pale mlangoni, na karatasi za kufungia huwa anaokota popote ndani ya nyumba. Majuzi Jabiri kafungua karanga zake kazini kakuta ile karatasi ya njia niliyoichapa nikaenda nayo nyumbani. Kitaliano hakijui, lakini kuna Mwamvita, kuna Tandika, kuna jina lake. Aliporudi aliiweka mezani akaniuliza, "Huyu Mwamvita ni wewe?" Nikamjibu, "Mie wapi, si karatasi ya mteja tu hiyo, majina hufanana." Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Siku ya nne leo hajasema kitu. Angenifokea ningejua pa kushika. Nimefikiria kuondoka siku hiyo niseme nimefiwa Kilwa, nimefikiria kumfungia mama mkwe chumbani asimwone mgeni, nimefikiria kumwomba Bwana Gozbert ajifanye ndiye Jabiri. Chakula hakipiti, gari likisimama nje nakimbilia dirishani kuchungulia kama vile ni Jumamosi tayari. Nisaidie, nifanyeje?

Mwamvita (si jina langu), Temeke


MAMA APOLONIA ANAJIBU

Barua yako imenifikia Jumatano, nikamwomba mhariri aitangulize mbele ya nyingine, kwa hiyo leo ni Ijumaa na una saa chache. Kaa chini, kunywa chai, na hiyo chai iteremke hata kwa kulazimisha.

Kujifunza lugha si kosa. Mwanamke anayejifundisha Kitaliano nyuma ya karatasi zilizoharibika, katikati ya fotokopi za watu, mimi namvulia kofia. Na hizo karibu zako thelathini na moja nazisamehe pia. Hata mimi kuna watu nimewakaribisha ambao wangetokea kweli ningejificha jikoni. Lakini mwanangu, desturi hiyo ulimpa mtu asiyeijua, na hukumweleza kwamba huku kwetu mtu hukaribishwa na bado akapita zake. Ulikuwa mwalimu wake. Hilo lilikuwa somo lako na hukulifundisha.

Sasa nisikie, maana hapa sitakubembeleza. Usinisingizie kompyuta. Kompyuta haikukutungia kaka. Uongo wa kwanza ulimwambia Albano, wa pili ukamwambia mumeo akiwa na karatasi mkononi, na sasa unataka wa tatu, tena wa kumvalisha mwajiri wako nafasi ya mumeo! Gozbert wa watu akubali, halafu Jabiri arudi amkute sebuleni kwake anaitwa Jabiri. Umefikiri hilo mpaka mwisho? Acha kabisa. Na usimzushie mtu kifo Kilwa, mama yako na wadogo zako wazima wanakuhitaji hai na mkweli.

Unasema hutaki kulifikiria hilo neno la Albano. Unalijua, ndiyo maana chakula hakipiti. Mzee aliyefiwa na mke ameandikiana mwaka mzima na mwanamke anayeamini hana mume, amesafiri kutoka kwao, na anataka kuzungumza na kaka. Hakuna ubaya alioutenda. Ametenda kama mtu mwenye heshima zake, na heshima hizo ndizo zitakazokuvunjia nyumba.

Naye Jabiri usidhani amesahau. Mtu anayekunja karatasi yenye jina la mkewe akaiweka mfukoni siku zote hizi anakungoja useme. Amekupa nafasi, na inapita.

Kwa hiyo leo, akitoka kazini, mwache aoge, ale, kisha mwombe mkae wawili. Usipitie kwa mama mkwe, wala usimtume jirani. Kama unachoogopa ni mkono wake na si hasira tu, mwite mjomba au baba mdogo akae chumba cha pili, na usione aibu kwa hilo. Usianze na hoteli wala Kitaliano, maana atadhani unamzungusha. Anza hivi: "Ile karatasi ni yangu, nilikudanganya. Kesho anakuja mgeni, mwanamume, na nilimwambia wewe ni kaka yangu." Ukishasema, nyamaza. Atapandisha sauti, muache apandishe. Mpe barua zote, za kwako na za Albano, amtafute mtu amsomee hizo za Kitaliano. Akiuliza kwa nini, mweleze kile kichwa kilichouma bila kuulizwa. Hicho ni chake kukisikia, hata kama kitamchoma.

Kesho nendeni uwanja wa ndege pamoja. Asipotaka kwenda na wewe, nenda na huyo mjomba, usiende peke yako. Albano aambiwe palepale, kabla mabegi hayajapakiwa: huyu ni mume wangu, nilikuficha, nisamehe. Mtafutieni gesti, mpeni chakula, kwa sababu kosa si lake na amekuja mbali. Hiyo kazi ya mapokezi tutaizungumza siku nyingine, ukiwa bado una mlango wa kumpokelea mtu.

Nasema leo, Mwamvita. Usipomwambia wewe, kesho Albano ataufuata msikiti kama ulivyomwelekeza, atabisha hodi, na atamweleza mumeo kila kitu kwa Kiswahili ulichomfundisha wewe.